Dizeli ya Msiba wa Serafina

Walburga alikuwa na kinywa cha dizeli. Hayo si matusi, ni taarifa. Miaka nenda miaka rudi alinyonya mrija kutoa mafuta kwenye pipa kuyapeleka kwenye dumu, na hapakuwa na dawa ya meno wala jani la mpera lililoweza kuiondoa ile harufu. Padri alipomwekea komunyo alibana pumzi kwanza. Walevi wa mtaani walisema siku akipiga chafya karibu na jiko, Mbinga nzima itakwenda kwa Mungu bila kuungama. Mwenyewe aliupenda utani huo kuliko wote, na kila alipousimulia aliongeza chumvi.

Alikuwa mjane, mfupi, mwenye mabega ya mchukuzi. Watu walimwita Mama Careen, kwa jina la bintiye aliyeolewa Songea. Duka lake lilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba, lenye mapipa ya dizeli na pipa moja la mafuta ya taa. Petroli hakuuza. Alisema petroli ina hasira za haraka kama marehemu mumewe, na mtu mmoja wa namna hiyo anatosha katika maisha.

Jina la Walburga alibandikwa na mmisionari wa Kijerumani siku ya ubatizo. Baadaye masista wakamweleza kwamba mtakatifu huyo mifupa yake hutoa mafuta huko Ulaya, yanadondoka tone tone kaburini, na wagonjwa huyapaka wakapona. Walburga alifurahi mno. Aliyemuuliza ilikuwaje akaingia biashara ya wanaume alijibiwa kwamba yeye hakuingia biashara, aliitwa.

Biashara yenyewe lakini ilianzia kwenye sabuni, tena bila baraka. Mwaka themanini na tatu, serikali ilipokuwa ikisaka walanguzi nchi nzima, alifika nyumbani kwake afisa biashara kijana, Bwana Sixtus, mtu wa Rombo, suruali imenyooshwa mpaka inakata. Akainama chini ya kitanda, akavuta katoni za sabuni, akatangaza mbele ya majirani kwamba huyu mama anawanyonya wakulima. Sabuni zikaenda kuwa ushahidi. Ushahidi huo haukufika mahakamani, ila mke wa Bwana Sixtus alifua nguo zake kwa miezi kadhaa bila kuonekana dukani.

Kisha zikaja zama za ruksa. Chama cha ushirika kikayumba, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaingia na malori yao, na Bwana Sixtus, safari hii ana kitambi, akaitisha semina ya soko huria kwenye ukumbi wa halmashauri. Alieleza kwamba bei huamuliwa na mahitaji na upatikanaji, na kwamba mfanyabiashara ni mbia wa maendeleo. Walburga alinyoosha mkono kutoka nyuma, akaamkia kama mwanafunzi.

"Shikamoo, Bwana Sixtus."

"Marahaba, mama. Uliza."

"Kama siku hizi mimi ni mbia, sabuni zangu nazifuata wapi?"

Ukumbi ulicheka mpaka semina ikaahirishwa kwa chai.

Sasa tuje kwa mama yake. Bibi Serafina alikuwa akifa. Alikuwa akifa kwa mwaka wa sita, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii. Alilala chumba cha mbele, dirisha likitazama barabara, ili aone nani anakwenda kwenye misiba ya nani. Kufa hakukumtisha hata kidogo. Kilichomtisha ni kuzikwa na watu wachache. Maisha yake yote hakukosa msiba hata mmoja pale parokiani, awe anamjua marehemu au hamjui, na alizihesabu safari hizo kama mtu anayepanda mbegu.

"Nimewazika wote," alimwambia Walburga. "Sasa ni zamu yao. Nataka kwaya mbili. Nguruwe achinjwe, yule mkubwa. Na ugali. Watu wakilishwa makande kwenye msiba wangu nitafufuka, mtaaibika."

"Mama, makande yana ubaya gani?"

"Ni chakula cha kulimia. Wifi yangu walimzikia makande. Watu walikula wamenuna."

Padri alikuja kumpaka mafuta ya wagonjwa mara tatu, na mara tatu bibi akanyanyuka. Safari ya mwisho ilikuwa wakati wa mvua za elinino, barabara ya Songea imeshakatika, na bibi alifumbua jicho moja akauliza, "Baba, na haya umeyapata wapi? Barabara si imefungwa?" Padri alijibu kwamba haya hayaji kwa lori. Bibi akasema basi afadhali, maana binti yake angeyapandishia bei.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda.

Mvua zile zilinyesha kama zimelipwa. Daraja moja kati ya Mbinga na Songea lilizolewa na maji, malori ya mafuta yakakwama ng'ambo, na Walburga akabaki na mapipa matatu. Alijua vizuri kwamba hajui lini atapata mengine. Lakini kwa kuwa mwaka themanini na tatu ulikuwa bado unamuwasha mgongoni, akauza kwa bei ileile ya zamani. Asubuhi ya kwanza alikuja Bwana Cuthbert, mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ndogo ya Kikristo, mwenye mashine ya kusaga pekee mtaani. Alikuja na mkokoteni.

"Tumsifu Yesu Kristu, Mama Careen."

"Milele, amina."

"Nipe pipa zima. Ni kwa ajili ya wananchi."

Walburga akampa, kwa bei ya undugu. Jioni ileile ada ya kusaga kwa Cuthbert ikawa mara mbili. Walburga mwenyewe alipopeleka debe lake la mahindi aliambiwa ni hali ya hewa.

Alirudi nyumbani na debe lake halijasagwa, akakaa juu ya pipa akatukana kwa Kimatengo, lugha ambayo kwa matusi inatosheleza mahitaji yote ya binadamu. Kesho yake akapandisha dizeli mara mbili. Mafuta ya taa pia. Kwa kila aliyelalamika alikuwa na jibu moja, tena akilitoa huku ameshika kiuno: "Huwezi? Subiri barabara."

Jumuiya ilikutana Alhamisi, baada ya rozari. Cuthbert, bila kupepesa macho, alisema imeonekana kuna mlanguzi kati yao. Restituta, jirani wa ukuta kwa ukuta na Walburga, mama wa watoto saba, akalia machozi ya kweli akieleza kwamba usiku wanakula gizani na mwanawe amekula samaki na miiba yake. Mtu mwingine akasimama na kupiga fimbo ya mwisho: Mtakatifu Walburga mafuta yake aliyatoa bure.

"Yeye hakuyatoa Songea kwa lori," akajibu Walburga. "Yalitoka mfupani mwake. Hata mimi ya mfupani nitawapa bure."

"Unakufuru," akasema Cuthbert.

"Na wewe ada yako ya kusaga umeipandisha kwa nini?"

"Kusaga ni huduma. Wewe unafanya biashara."

Watu wakaguna kukubali, na ndivyo tulivyo sisi: bei ya mwenye suti ni gharama, ya mwenye kanga ni dhambi. Wakapitisha kwamba hakuna mwanajumuiya atakayekanyaga nyumbani kwa Mama Careen, kwa harusi wala msiba, mpaka bei irudi.

Walburga alijikaza kucheka. Alimwendea Bwana Sixtus ofisini kuuliza kama ana kosa. Sixtus akamkalisha, akamwagizia chai, akamwambia hana kosa lolote, tena anafanya vizuri. Bei ikipanda, watu watatumia kwa uangalifu, na wengine watavutiwa kuleta mafuta kwa njia nyingine. Huo ndio uchumi.

"Mbona zamani uliita ulanguzi?"

"Zamani ulikuwa ulanguzi."

"Kilichobadilika ni nini?"

Bwana Sixtus alifikiri kidogo, kwa uaminifu kabisa. "Waraka," akasema.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Bibi Serafina alikuwa amesikia uamuzi wa jumuiya kupitia dirishani, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita alikaa kitako bila kushikwa.

"Umeniuza!" alisema. "Miaka themanini nazika watu, wewe umeniuza kwa dumu la dizeli! Nani atachimba kaburi? Wewe? Na matope haya?"

"Mama, nikishusha bei, Cuthbert atabeba yote kwa siku moja."

"Abebe! Cuthbert ana sauti nzuri, ndiye anayeongoza nyimbo za maziko. Wewe una nini? Una mrija!"

Walburga alitoka nje akalia kwenye mvua, ambako chozi halionekani. Hakuwa na kaka wala mtoto wa kiume. Alijiona waziwazi, yeye na jeneza na mtelezo wa makaburini, na mama yake ndani ya jeneza akilalamika njia nzima. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa serikali.

Kutokana na hofu hiyo likamjia wazo, na lilikuwa wazo la Kimatengo hasa. Sisi mtu akiwa na shamba la ngoro, yale mashimo ya kulimia yanayochimbwa mlimani, na mikono yake haitoshi, hapigi mahesabu ya vibarua. Anapika pombe anaita ngokela. Majirani wanakuja na majembe, wanalima mpaka shamba linakwisha, kisha wanakunywa mpaka pombe inakwisha, na hakuna anayelipwa. Ziwani Nyasa, Mbamba Bay, dizeli ilikuwa inavushwa kwa boti kutoka Malawi. Gari halikuweza kupanda zile kona kwa matope, lakini mtu mwenye miguu anapanda. Walburga alipika pombe ya ulezi mitungi kwa mitungi, akatangaza ngokela ya dizeli. Atanunua mafuta yeye, watu wabebe, na yakifika bei ipangwe na jumuiya yenyewe.

Jumuiya ikakaa tena. Kukanyaga nyumbani kwake ni marufuku. Lakini pombe ingeandaliwa uani, na je, uani ni nyumbani? Walijadili suala hilo kwa kina kuliko walivyowahi kujadili Utatu Mtakatifu, na ikaamuliwa kwamba uani ni hewa tu.

Wakateremka karibu wote, wanaume na wanawake, na madumu matupu yakigongana. Kuteremka kwenda ziwani kulikuwa sherehe. Waliimba, wakalala njiani, Tingi, kwa jamaa, wakala dagaa wa Nyasa mpaka wakasahau walichofuata. Pale ufukoni muuzaji alikuwa Kilian, Mnyasa mrefu mwenye kofia ya polisi wa Malawi. Alipotaja bei yake, jumuiya nzima ilipiga kelele kwa sauti moja: mlanguzi! Kilian hakukasirika. Aliwaonyesha ziwa, mawimbi yakipanda kama nyumba, akasema anayeona ni ghali boti ile pale, kasia lile pale, Nkhata Bay iko ng'ambo. Hakuna aliyeona ghali tena. Walburga akalipa.

Kupanda kukawa ni kupanda. Dumu kichwani, matope magotini, mvua shingoni, na dizeli ikivuja taratibu kwenye vifuniko ikiunguza ngozi. Nyimbo ziliisha kwenye kona ya kwanza. Kwenye kona ambayo hakuna tena aliyejua ni ya ngapi, Cuthbert akalitua dumu lake, akakaa juu yake, na wote wakatua.

"Mama Careen," akasema, "kuna jambo la haki hapa."

"Haki gani tena?"

"Ngokela ni ya shamba. Shamba unavuna wewe, unakula wewe na wanao. Haya mafuta utauza. Mtu hawezi kubebea biashara ya mwenzake kwa kikombe cha pombe."

"Lakini mlikubali!"

"Tulikubali tukiwa nyumbani," akasema Restituta, akijikanda shingo. "Huku mlimani mambo ni mengine."

Walitaka nusu. Kila mtu nusu ya dumu lake. Walburga alitazama mlima uliobaki, akatazama madumu, akatambua kosa lake: amewaita watu kwa desturi kufanya kazi isiyo na desturi. Angefanya nini? Awabebe? Alikubali palepale, na ajabu ni kwamba baada ya hapo walipanda kwa kasi. Kila mtu sasa aliangalia kifuniko chake kisivuje, na aliyeteleza alianguka yeye, dumu likabaki juu.

Jumapili baada ya misa wakakutana uani, yaani hewani, kupanga bei ya haki. Walburga alingoja wamwite mlanguzi wapate kuyamaliza. Restituta ndiye aliyeanza, yule wa samaki na miiba. Alisema akikumbuka ile kona ya pale juu, hawezi kuuza nusu yake kwa bei ya Mama Careen, itakuwa ni kudharau shingo yake. Mwingine akasema yeye amepoteza kiatu. Mwingine mgongo. Bei ikapanda mtu kwa mtu, kama mnada, mpaka ikafika mara tatu ya ile iliyomfanya Walburga atengwe. Cuthbert akaomba kura. Mikono yote ikaenda juu, na wa Walburga ukiwamo, maana naye alikuwa na nusu yake na shingo yake.

"Basi tumepatana kindugu," akasema Cuthbert. "Na ile marufuku imekwisha. Dhambi haipo tena."

Dhambi iliondokaje wakati bei imepanda, hakuna aliyeuliza. Walikunywa pombe. Bibi Serafina alisikia vigelegele dirishani, akaitwa Restituta ndani, akaitwa Cuthbert, akahakikishiwa kwaya na wachimbaji. Alitabasamu, akajilaza. Siku chache baadaye, asubuhi, Walburga alipompelekea uji alimkuta amekwenda. Mambo yake yalikuwa yamekaa sawa, hakuona sababu ya kuendelea kusubiri.

Walburga alipiga yowe ambalo mtaa mzima ulilisikia. Alikuwa amegombana na mama yule kila siku ya maisha yake, na sasa nyumba haikuwa na wa kugombana naye.

Watu wakaja. Kweli walikuja, ahadi waliitimiza. Wanaume wakashika majembe wakaenda makaburini. Wanawake wakaja na vikapu vya rambirambi vichwani, wakamimina katikati ya chumba. Mchana ulipofika, lundo lilikuwa limefika dirishani. Lakini lilikuwa lundo la mahindi. Mahindi makavu, ya punje. Hapakuwa na unga hata kibaba.

"Mashine haijaunguruma tangu mlipopandisha mafuta," Restituta akamnong'oneza. "Hapa mtaani tunakula makande. Unga anao nani?"

"Si Cuthbert anayo dizeli?"

Cuthbert alikuwa nayo. Ndiye aliyekuwa nayo peke yake. Wanajumuiya, baada ya kuimaliza ile pombe, waligundua kwamba hakuna mtaani anayemudu bei waliyoipanga, basi wakamuuzia yeye nusu zao mmoja mmoja, kwa bei ya chini, akina Restituta wakiwa wa kwanza. Na Walburga naye alikwishamuuzia yake, pamoja na yaliyosalia kwenye mapipa, akijisifu kwamba amepata faida. Cuthbert aliyafungia madumu yote chumbani, akaizima mashine, akangoja mambo yazidi kukaza.

Akina mama walishaanza kuinjika sufuria kubwa, na maharage yameshalowekwa. "Tupike makande tu," mmoja akasema, "marehemu atatuelewa."

"Hataelewa," akasema Walburga. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda.

Alimkuta Cuthbert nyumbani kwake, amevaa suti ya maziko, anafanya mazoezi ya wimbo. Alimpa pole kwa dhati, na macho yakamlowa. Walburga akamwambia anataka dizeli ya kusaga mahindi ya msiba. Cuthbert akataja bei.

Haikuwa ile ya uani. Ilikuwa imeshaiacha ile ya uani mbali.

"Cuthbert! Mama yangu yuko ndani amelala!"

"Najua, dada. Inaniuma. Lakini mimi nami nimenunua, nimehifadhi, nimekaa na hasara ya mashine. Barabara bado. Wewe unajua mambo haya kuliko mimi, wewe ni mfanyabiashara."

"Mlanguzi!" Walburga alipiga kelele. "Mlanguzi mkubwa! Mnyonyaji! Mbwa wewe!"

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Ndilo walilompigia yeye, na sasa alilitupa kwa nguvu zote, na lilikuwa tamu mdomoni kuliko dizeli ilivyokuwa chungu. Waombolezaji waliopita barabarani walisimama wakatikisa vichwa. Walisema maskini, uchungu wa mama haufichiki.

Alipokwisha kutukana aligundua kwamba bado anahitaji mafuta. Yeye alizoea kukaa upande ule mwingine wa pipa. Upande ule mtu huwaza mvua, madaraja, safari, hasara. Upande huu hakuna cha kuwaza. Maiti haisubiri barabara, na mwenye maiti hasemi hapana kwa bei yoyote, na muuzaji anaiona hiyo hapana isiyokuwapo usoni mwako kama unavyoona embe limeiva. Alifungua fundo la kanga, akatoa zile pesa zote alizopata kwa nusu yake, na za akiba, akamwekea mezani bila kumtazama.

Mashine iliwaka. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha ikaanza kuunguruma, na mtaa mzima ukasikia. Wanawake wa msiba walipofika na vikapu vyao walikuta foleni imeshawatangulia. Watu walikuja mbiombio kutoka kila uchochoro, debe kichwani, ungo, mfuko wa salfeti, hata aliyebeba kwenye beseni la kuogea. Wengine walikuja na watoto mgongoni na mvua inawapiga. Restituta naye alikuwamo, na debe lake la nyumbani.

Cuthbert akasimama mlangoni amenyoosha mikono. "Wa msiba peke yao! Wengine mtarudi, na ada mpya nitaitangaza!"

"Sisi sote ni wa msiba," akasema Restituta, hana aibu.

Cuthbert akamgeukia Walburga ili amsaidie, mfanyabiashara kwa mfanyabiashara. Walburga alikuwa amekaa juu ya gunia, nywele timtim, unga umemjaa kwenye kope. Hakuna mtu aliyewahi kumwita mpole, na saa ile alikuwa mbali na upole kuliko siku zote. Alimchukia Cuthbert. Alijichukia na yeye mwenyewe, maana wengi katika foleni ile aliwahi kuwashikia kiuno.

"Dizeli iliyomo humo ya nani?" akauliza.

"Ni yako, dada, umeinunua."

"Basi saga. Wote. Mpaka tone la mwisho."

"Na mashine ya nani?"

Wanawake walimtazama tu, foleni nzima, madebe vichwani. Yeye alikuwa mwenyekiti, na kesho yake alitakiwa kuongoza wimbo mbele ya jeneza, na kuimba peke yako makaburini ni kazi ngumu. Akaondoka mlangoni. Mashine ikasaga mpaka giza likaanza kuingia, ikakohoa tena, ikazimika. Unga ulikuwa wa moto mikononi, na ugali uliopikwa jioni ile ulikuwa mweupe na mwingi, nguruwe akaja juu yake, na hakuna aliyenuna.

Kesho yake mvua haikukoma na umati haukupungua. Waliokula unga wa marehemu wote walikuja, hata wasiomjua, hata Waislamu wa mtaa wa chini, na jeneza lilipofika makaburini mkia wa watu ulikuwa bado unatoka nyumbani. Kwaya zilikuwa tatu, ya tatu haikualikwa. Cuthbert aliimba vizuri sana, hilo lazima lisemwe.

Kaburi lilikuwa linajaa maji na wachimbaji walipokezana kufukia. Bwana Sixtus alikuwa amesimama pembeni na mwavuli, karibu na Walburga. Alikuwa ameisikia habari ya mashine na ilimsumbua kitaalamu.

"Pole sana, Mama Careen," alisema kwa sauti ya chini. "Ila sijaelewa. Mafuta yako umenunua kwa bei ile, watu wako foleni, wana shida. Ungewatoza hata kidogo ungerudisha pesa yako. Sasa umefilisika kwa faida gani?"

Walburga alipangusa matope usoni, akamgeukia. Harufu ya dizeli ikampata Bwana Sixtus barabara.

"Umeshawahi kuwa na maiti ndani huku huna unga?"

"Hapana, mama. Namshukuru Mungu, hapana."

"Basi funga mwavuli wako, ushike chepe. Wenzako wamechoka."

Bwana Sixtus alitazama suruali yake, akatazama umati, akafunga mwavuli. Kisha akavua viatu, akashuka kwenye matope.